Walio Nje ya Kitabu cha Karani

Nilikuwa na pini nne mdomoni nilipoona jina la Mama. Ilikuwa Jumatano asubuhi, kabla ya saa tatu, na Madam alikuwa amenituma nibandike orodha kwenye mlango wa ofisi ili watahiniwa waje wajiangalie. Printa yetu ni ile ya kelele, inayochapa kwenye karatasi ndefu yenye matundu pembeni, kwa hiyo orodha yote ilikuwa imeshikana na mimi naichana ukurasa baada ya ukurasa. Nikafika ukurasa wa tano. Jina la ubatizo la Mama lilikuwa pale, na baada yake jina la Baba. La Baba! Nikafunga mdomo, nikasahau pini. Moja ilinichoma ndani ya mdomo wa chini, na leo ni Jumapili, bado nikinywa chai ya moto naisikia.

Naandika yote kama yalivyokuwa, hata yale ambayo ningependa kuyaruka.

Mama anauza omena, vile visamaki vidogo vya ziwani, katika soko la Kibuye. Alimaliza darasa la saba akafaulu, lakini kwao waliosomeshwa sekondari ni kaka zake. Sasa amezidi miaka arobaini, na kwa miaka miwili amekuwa akienda darasa la watu wazima jioni, kwenye ukumbi wa kanisa karibu na mtaa wa Nyalenda, na vitabu vyangu vya zamani ndani ya mfuko wa plastiki. Mwaka huu anataka kufanya mtihani wa kidato cha nne. Ofisi ya mitihani Nairobi ina sharti moja lisilo na huruma: jina la mtahiniwa lifanane na lile lililo kwenye cheti chake cha msingi. Cheti cha Mama kina jina la babu yangu, baba yake.

Kwetu mwanamke ana majina mengi. Akiolewa anaitwa kwa jina la mume. Akizaa anaitwa "min" na jina la mtoto wa kwanza. Sokoni anaitwa "nyar" na jina la mahali alikozaliwa, na unaweza kununua samaki kwa mtu miaka kumi ukimjua kwa hilo tu. Mwalimu wa darasa la jioni alipokuwa anajaza fomu mwanzoni mwa mwaka, aliwauliza, "Unaitwa nani?" Nao wakamjibu kweli tupu, kila mtu akasema anavyoitwa. Kwa hiyo Jumanne, siku ya mwisho ya kurekebisha, wanawake walipanda ngazi za ofisi yetu wakiwa wamebeba vyeti ndani ya Biblia, ndani ya mikoba, mmoja ndani ya sidiria.

Ofisi yetu, inayochapa na kusajili watahiniwa wa kujitegemea, iko juu ya duka la misumari na mabati. Tangu nilipomaliza kidato cha nne nachapa hapo. Niko mimi na mwenzangu, dada mmoja anayenizidi miaka mitatu na maneno elfu tatu. Mimi siongei sana. Mtu akiniita ghafla, jibu hubaki kooni. Mwenye ofisi tunamwita Madam, alifundisha taipu miaka mingi kabla ya kompyuta kuja. Kila kitu chake amekifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, simu, printa, chupa ya chai. Kitambaa kikubwa kuliko vyote, cheupe chenye maua ya manjano, ni cha mashine kubwa iliyo pembeni, inayohifadhi majina yote. Ikifika saa saba mchana Madam huiwekea kiganja kama anayepima homa ya mtoto, huizima, huifunika mpaka saa nane.

"Hata punda hupumzishwa," husema.

Tena ana sheria moja: mtu akishaitwa akakaa kwenye kiti, harudishwi kwenye foleni. Akiwa amesahau cheti, unaliacha dirisha lake wazi kwenye skrini, anakwenda kukichukua, unamwita mwingine. Akirudi, nafasi yake iko pale pale. Na hata ukimaliza naye hulifungi mpaka orodha ibandikwe, ili akilalamika usianze kumtafuta upya. Jumanne jioni chini ya skrini yangu madirisha yalikuwa yamebanana kama sahani kwenye beseni.

Lakini asubuhi ya siku hiyo wengi walikuwa wamekuja kwanza bila vyeti. Niliwafungulia, nikawaambia wakalete, wakarudi mchana. Mama yeye alikuja saa tisa, moja kwa moja kutoka Kibuye, akiwa na cheti mkononi. Akakaa. Nikamfungulia dirisha lake, namba mia mbili na kumi na nne. Nikamwambia, "Tayari, Mama." Akaenda. Saa kumi na moja disketi ya majina ikapanda basi la Nairobi, na usajili ukafungwa. Hivyo ndivyo nilivyokumbuka, na ningeweza kuapa kanisani.

Basi Jumatano nikasimama mlangoni na damu mdomoni. Nilianza kuangalia wengine. Nilipomaliza nilikuwa nimehesabu kumi na saba, wote wanawake wa darasa la jioni, wote bado na majina ya soko na ya waume. Wote walipita kwangu.

Nilimpelekea Madam orodha. Alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Uliwarekebisha hawa?"

"Ndiyo, Madam."

"Wote?"

"Wote."

"Na huyu si mama yako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Mwenzangu akachungulia. "Wuololo! Kumi na saba? Mimi nilikuambia huyu hulala macho wazi kama samaki ngege."

Madam hakucheka. Alisema kila mtu aondoe mikono kwenye mashine, asiguse hata kipanya, mpaka fundi wa kompyuta aje. Kisha akapiga simu Nairobi. Alipokata alikaa muda na mkono juu ya kitambaa cha simu. Majibu yalikuwa haya: baada ya usajili kufungwa, jina halibadilishwi, ila kama kosa ni la mashine. Iandikwe barua yenye sahihi ya mwenye ofisi, na uthibitisho, ifike na basi la jioni hiyo hiyo. Kama kosa ni la mchapaji, watahiniwa wangoje mwakani.

"Kwa hiyo," Madam akasema akiniangalia, "ni mashine au ni wewe?"

Fundi alifika saa nne na nusu. Ni kijana aliyesoma India, anavaa ndala ofisini na hanywi chai ya sukari. Programu yetu aliitengeneza yeye, kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Java, ambayo anasema ni ya kisasa kabisa na ambayo sisi tunajua tu kwamba ni ya polepole. Hapendi kuambiwa ina kosa. Watu mwaka huu wanamwuliza kila siku kama kompyuta zitakufa ifikapo mwaka elfu mbili, na huwajibu kwa hasira kama wamemtukania mtoto.

"Haiwezekani," akasema. "Kimantiki haiwezekani. Akibadilisha jina, Karani analipeleka."

"Karani gani?" Madam akauliza. "Hapa karani ni mimi."

Ndipo akatueleza. Ndani ya programu kuna sehemu inayosimama katikati, kati ya tunachokiona kwenye skrini na majedwali yaliyo kwenye mashine kubwa. Yeye huiita Karani. Ukifungua jina la mtu, Karani huenda kabatini, yaani kwenye majedwali yale, huchukua habari zake, huzitengenezea kitu kimoja kinachoitwa objekti, hukuletea, na hukiandika kwenye kitabu chake. Kuanzia hapo anakiangalia. Ukibadilisha herufi moja, anajua. Ukibonyeza Hifadhi, anapitia kitabu chake, anaona kilichobadilika, anakirudisha kabatini.

"Na kama hakipo kwenye kitabu chake?" mwenzangu akauliza.

"Hapo unaongea na ukuta. Lakini haiwezi kutokea."

Nilikuwa na swali. Likabaki kooni kama kawaida.

Bahati nzuri fundi alikuwa ameweka mlango wa nyuma kwenye programu, anaweza kuingiza kipande kipya bila kuizima. Alikaa kwenye kiti changu, akaandika kipande cha kuuliza kila moja ya objekti zile kumi na saba: uko ndani ya kitabu cha Karani, au uko nje? Alitumia njia rahisi. Kitu kikishapita kwa Karani hupewa namba ya kudumu, kwa hiyo aliuliza tu kama kina namba. Akabonyeza. Skrini ikajaa. Ndani, ndani, ndani, mara kumi na saba.

Akageuka na kiti. "Mnaona? Zote ziko ndani. Programu ni nzima." Halafu akaniambia kwa upole, na upole wake uliniumiza kuliko kelele, "Dada, labda ulichoka. Hukuchapa tu. Hutokea."

 Mimi nilikumbuka kuchapa! Nilikumbuka yule mama wa cheti cha ndani ya sidiria, jina lake la kwao lilikuwa refu mpaka likatoka nje ya kisanduku, tukacheka wote wawili. Sikuota. Nilimwona Madam akivuta karatasi ya barua, nikajua itakavyoandikwa, na nikaona wanawake kumi na saba wakisimama mbele ya mlango wakisoma. Sijui sauti ilitoka wapi.

"Mimi bado nina namba yangu ya shule."

Wote wakaniangalia. Mwenzangu akaacha kutafuna.

"Unasema?" Madam akauliza.

"Namba ya shule. Iko kwenye sanduku langu, iko hata kwenye blanketi. Lakini nimemaliza. Mwalimu wa zamu akiita majina leo, mimi sipo." Nilikuwa naangalia sakafu. "Kuwa na namba si kuwa kwenye majina ya leo."

 Fundi akasema neno moja la Kihindi ambalo sijui maana yake, akageukia kibodi.

Jaribio la pili alimuuliza Karani mwenyewe. Alimpa kila namba: huyu unaye? Ndani, ndani, ndani, kumi na saba tena. Nilitaka kulia. Lakini safari hii fundi mwenyewe hakuridhika. Alikuna kidevu.

"Anakwenda kabatini," akasema kama anaongea peke yake. "Nikimtajia namba ambayo hana, anakwenda kabatini analeta mpya, halafu ananiambia anaye."

Mwenzangu akapiga makofi. Yeye ni pacha, na pacha wake anauza mitumba Kibuye. "Yawa, si ni kama mimi! Mtu anakuja nyumbani kunidai, anauliza yule msichana yuko? Wanamletea pacha wangu. Anaangalia sura, anaridhika, anaenda. Na mimi niko ufukweni Dunga nakula samaki."

"Hiyo ndiyo," fundi akasema. "Hiyo ndiyo kabisa." Akamwangalia kana kwamba amemwona leo. "Simuulizi kama namba hii ipo. Namuuliza, bila kwenda kabatini: kitabuni mwako, chini ya namba hii, umeandika kitu hiki hiki? Si pacha wake. Hiki hiki."

Alinionyesha mahali penyewe, alama mbili za usawa zikifuatana. Alisema katika Java hizo haziulizi kama vitu viwili vinafanana. Zinauliza kama ni kimoja. Nimeziandika hapa pembeni ya daftari nisizisahau.

Alikuwa bado anachapa ilipokaribia saa saba. Madam aliinuka. Alikwenda pembeni, akaiwekea mashine kubwa kiganja, akachukua kile kitambaa cha maua ya manjano.

Fundi aliinua macho. "Madam, unafanya nini?"

"Imepata joto. Naipumzisha."

"Unaipumzisha vipi?"

"Naizima. Kwani wewe hulali?"

Uso wa fundi ulibadilika. "Jana pia uliizima?"

"Kila siku naizima. Saa moja tu ya joto, naiwasha tena, na usiku naiacha iwake. Hizi zenu ndogo sizigusi."

"Jana mchana? Watu wakiwa wazi kwenye skrini?"

"Wakiwa wazi. Hawarudishwi kwenye foleni, unajua."

Fundi aliweka mikono miwili kichwani. Madam alibaki ameshika kitambaa hewani kama mtu anayetaka kumfunika mgonjwa. Kisha fundi akasema polepole sana kwamba ukiizima mashine kubwa, Karani anakufa na kitabu chake. Ukiiwasha, anakuja Karani mwingine na kitabu kitupu. Wale waliokuwa wazi kwenye skrini tangu asubuhi hana habari nao. Unabadilisha jina, unabonyeza Hifadhi, naye anapitia kitabu chake, haoni lolote lililobadilika, anasema: Sawa, imehifadhiwa.

"Anasema sawa?" Madam alinong'ona.

"Kwake ni sawa. Hakuna alichoachiwa."

"Nyasaye, Mungu wangu." Madam alikaa. Alikuwa amekikunja kile kitambaa mpaka kikawa kidogo mkononi. "Miezi hii yote?"

"Madam, usiizime. Tafadhali. Ukiizima sasa hata jaribio langu litakufa."

Nami nilipaswa kufurahi. Mashine ilikuwa imekiri. Lakini fundi alikuwa amesema: waliokuwa wazi tangu asubuhi, yaani waliofunguliwa kabla ya saa saba. Na Mama alikuja saa tisa.

Niliiambia nafsi yangu nimekosea saa. Labda ilikuwa asubuhi. Lakini Mama asubuhi huwa Dunga kuchukua mzigo, na Jumanne alikuja na jasho la mchana, na kivuli cha nguzo ya simu kilikuwa kimeshafika dirishani kwangu. Saa tisa.

Fundi akaniambia nichukue kalamu, atasoma, niandike. Akabonyeza. Alisoma namba, kisha neno, kisha jina lililokuwa ndani ya ile objekti kwenye skrini yangu. Nje, na jina la cheti. Nje, na jina la cheti. Yule mama wa jina refu: nje, na jina lote refu, herufi kwa herufi kama nilivyolichapa. Mwenzangu alinipiga begani. "Kumbe ulichapa, wewe! Nisamehe." Madam alikuwa anasema "Eeh" kila baada ya jina, kama mtu anayepokea salamu za rambirambi.

"Mia mbili na kumi na nne," fundi akasoma. "Ndani." Akataja jina la ubatizo la Mama, akataja jina la Baba. Akaendelea na namba inayofuata bila kusimama. "Nje..."

Aliyeelewa kwamba kwa Mama kosa si la mashine ni mimi peke yangu. Mwenzangu alikuwa ameenda kujibu simu, Madam alikuwa anaangalia mashine yake, na fundi alikuwa anasoma tu, hajui mia mbili na kumi na nne ni nani. Mkono wangu uliandika: 214, nje.

Niliandika hivyo. Sitalifuta.

Madam aliandika barua kwa mkono, akaanza kunisomea, nami nikachapa kwa taipu ya zamani, maana hakuna aliyetaka kuigusa kompyuta. Aliandika wazi kwamba mashine ilizimwa na yeye mwenye ofisi, kwa kutojua, na kwamba watahiniwa wafuatao walirekebishwa kwa wakati lakini marekebisho hayakuhifadhiwa. Sauti yake ilikuwa kavu. Nikafika kwenye majina. Niliyachapa haraka, vidole vilishayajua tangu Jumanne, vilikwenda vyenyewe. Nikafika kwa Mama. Jina la ubatizo, kisha jina la babu yangu.

Vidole vilisimama. Vilikuwa vinatafuta herufi. Jina la babu yangu, ambalo nimelisikia maisha yangu yote, sikuwahi kulichapa hata mara moja.

Hapo ndipo Jumanne ilinirudia, ile yenyewe. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti na shuka lake la sokoni, magamba ya omena yaking'aa kwenye mikono, na harufu ilikuwa imejaa chumba kizima. Mwenzangu alikuwa ameinua pua na kusema, "Leo tumeletewa ziwa lenyewe." Alikuwa anatania tu, hakujua ni mama yangu. Kwenye foleni alisimama kijana mmoja niliyesoma naye shule ya jirani, amevaa tai. Sikusema, "Huyu ni mama yangu." Nilifungua dirisha, nikaangalia mlango, nikaona bado wamesimama watu sita wananiangalia, nikasema kwa sauti ya mtu wa ofisini, "Tayari, Mama," kama ninavyowaita wote. Nilifikiri akitoka tu nitachapa. Akatoka. Akakaa yule wa tai.

Niliivuta ile karatasi kutoka kwenye taipu.

"Madam," nikasema. "Mia mbili na kumi na nne si nje."

"Nani huyo?"

"Mama. Yeye yuko ndani. Karani alikuwa naye. Ni mimi sikuchapa."

Fundi alirudi kwenye skrini, akaangalia. "Ni kweli," akasema. "Iko ndani. Nilisoma ndani." Kisha, akimwangalia Madam, akasema taratibu, "Lakini kimantiki, wakiwa kumi na saba au kumi na sita, nani atajua?"

"Uthibitisho wako utaambatanishwa?" Madam akamuuliza.

"Lazima."

"Na utasema ndani au nje?"

Fundi akageuza kiti kuelekea skrini.

"Wakiona mmoja wa uongo, watawaamini kumi na sita?" Madam akanigeukia. Nilidhani atapiga kelele. "Barua hii inasema ni mashine. Nimejiandika mimi mwenyewe ndani yake kama mjinga, na miaka yangu yote ya taipu. Lakini wewe si mashine, mwanangu. Anza upya. Toa jina."

Nikaanza upya. Kumi na sita. Barua ikapanda basi, na orodha ikabandikwa mlangoni kama ilivyokuwa.

Sikumwambia Mama jioni ile. Alikuwa mezani na kitabu changu cha hesabu, akinung'unikia duara na nusu kipenyo. Nilisema nina maumivu ya jino. Alhamisi pia sikumwambia. Ijumaa saa sita simu ililia kutoka Nairobi: kumi na sita wamekubaliwa. Wanawake watatu waliokuwa ofisini wakapiga vigelegele mpaka mwenye duka la mabati akapanda kuuliza nani anaolewa. Nikajua kabla ya saa kumi habari itakuwa imefika Kibuye kwa mdomo wa mtu mwingine. Nikaomba ruhusa, nikakimbia.

Mama alikuwa kwenye meza yake, anapepeta omena kwa mkono mmoja na kufukuza nzi kwa mwingine. Nikasimama mbele yake kama mnunuzi. Nikasema yote bila kupumua, Karani, kitambaa, kumi na sita. Nikafika mwisho. "Lako sikulichapa, Mama. Niliona aibu. Hutafanya mtihani mwaka huu."

Aliendelea kupepeta.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Alhamisi, kabla sijaenda Dunga, nilipanda ngazi zenu. Mlango ulikuwa umefungwa lakini orodha ilikuwa nje. Nikasoma." Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Mimi najua kusoma, nyathina, mwanangu."

 Tangu Alhamisi. Alhamisi jioni tulikaa meza moja, yeye na duara zake, mimi na jino langu, na alikuwa anajua.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja wewe useme. Na Jumanne nilikuona unavyoangalia mlango. Nikajiambia, huyu anataka niondoke haraka." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayetaja bei. "Hao wengine wote wataandika mtihani?"

"Wote."

"Yule wa jina refu?"

"Na yeye."

"Basi mwakani nitakuwa na mtu wa kuniambia maswali yalikuwa vipi. Ila fomu yangu nitajaza mwenyewe." Akanisukumia gorogoro, lile bati la kupimia, juu ya meza. "Shika. Huyu mama amengoja muda wote unaongea."

Kulikuwa na mwanamke nyuma yangu kweli, na mfuko wazi. Nikachota. Mama akasema nijaze mpaka kilele, nisipunje watu. Nilikuwa nimevaa blauzi yangu nyeupe ya ofisini. Upande wa pili wa njia, kwenye mitumba, mwenzangu alikuwa amekuja kumwona pacha wake, wamesimama wawili na sura moja, wananiangalia. Mmoja wao akainua mkono kunipungia. Sikujua ni yupi.

"Huyo wa pili ni nani?" Mama akauliza.

"Nafanya naye kazi," nikasema. Kisha nikaita, kwa sauti kubwa kuliko zote nilizowahi kutoa sokoni, "Njoo umsalimie mama yangu!" Nikachota gorogoro la pili.